Binti Yangu Alichagua Njia Ndefu

Akina mama wenzangu, katika familia zetu zinazoishi hapa Marekani kuna neno moja ambalo mzazi hulitamka kwa furaha anapoulizwa mtoto wake anasomea nini. Neno hilo ni uuguzi. Wala si ajabu. Wengi wetu tulianza maisha ya huku tukiwa wasaidizi wa wauguzi katika nyumba za wazee, na tumeona kwa macho yetu jinsi muuguzi mwenye leseni anavyoheshimiwa na anavyolipwa. Mtoto akisema uuguzi, mzazi hupata usingizi.

Binti yangu wa pili hakusema uuguzi. Alisema anataka kuwa mtabibu wa wanamichezo. Ninaandika habari zake kwa sababu mbili. Kwanza, najua wapo akina mama watakaosikia maneno kama hayo mezani kwao, nao hawatajua wajibu nini. Pili, njia aliyoipita, yaani kuanza katika chuo cha jamii kisha kuhamia chuo kikuu, ni njia njema kwa watu wa kipato chetu, lakini ina milango ambayo hakuna atakayekuonyesha usipouliza.

KAZI GANI HIYO?

Mimi na mume wangu tulitoka Iringa, na sasa tunakaa Saint Paul, katika jimbo la Minnesota. Watoto wetu wamekulia hapa. Huyu wa pili alipenda kandanda tangu utotoni, akaichezea shule yake ya sekondari. Akiwa amebakiza mwaka mmoja na nusu kumaliza, aliumia goti. Kano iliyo ndani ya goti ilikatika. Baadaye tuliambiwa kwamba wasichana wanaocheza kandanda huumia kano hiyo mara nyingi zaidi kuliko wavulana.

Aliyemfikia kwanza pale uwanjani hakuwa daktari, wala hakuwa kocha. Alikuwa mama mmoja wa makamo mwenye mkoba kiunoni, ambaye ameajiriwa na shule. Alimlaza, akalishika goti kwa mikono miwili, akalivuta taratibu, akanyamaza kidogo, kisha akamwambia ukweli kwa sauti ya upole. Siku chache baadaye picha za hospitali zilionyesha vile vile alivyosema. Baada ya upasuaji, mama yule aliyasimamia mazoezi ya binti yangu kila siku ya shule kwa miezi mingi. Alimpima nguvu ya mguu, akamzuia alipotaka kukimbia kabla ya wakati, akamtia moyo alipokata tamaa. Siku aliporuhusiwa kurudi uwanjani, mwanangu alikuwa amekwisha kuamua maisha yake.

Sisi hatukuijua kazi ile. Dada yangu aliyeko Iringa aliposimuliwa kwa simu aliuliza, "Kwa hiyo mtoto anasomea ukocha?" Mume wangu aliuliza kama ni wale wanaokimbia uwanjani na chupa za maji. Hata Wamarekani wenyewe huchanganya, maana jina la kazi hii kwa Kiingereza linafanana na la mwalimu wa mazoezi ya viungo.

Ukweli ni kwamba hii ni fani ya afya. Chama cha kitaifa cha watabibu hawa kilianzishwa mwaka 1950 katika jiji la Kansas City, na mwaka 1990 Chama cha Madaktari cha Marekani kikaitambua rasmi kazi yao kuwa moja ya fani za afya. Wao hufanya kazi kwa ushirikiano na daktari. Huzuia majeraha kabla hayajatokea, hutoa huduma ya kwanza yanapotokea, hulichunguza jeraha, kisha humsimamia mgonjwa mpaka arudi katika shughuli zake. Wengine hufanya kazi katika shule na timu, wengine hospitalini, jeshini, viwandani, na hata katika vikundi vya wacheza ngoma za jukwaani.

Hapa Minnesota watu wanajua uzito wa kazi hiyo. Tarehe 1 Agosti 2001, mchezaji wa Minnesota Vikings aitwaye Korey Stringer alifariki baada ya kuzidiwa na joto la mwili katika mazoezi ya timu mjini Mankato. Alikuwa na miaka 27. Leo taasisi yenye jina lake katika Chuo Kikuu cha Connecticut hufundisha jinsi ya kuzuia vifo vya namna hiyo. Somo kubwa ni hili: mchezaji aliyezidiwa na joto hutumbukizwa kwanza katika beseni kubwa la maji ya barafu, ndipo apelekwe hospitali. Dakika zinazopotea njiani ndizo zinazoua. Binti yangu aliponieleza hayo nilimwuliza, "Na nani anayeliweka hilo beseni tayari?" Akajibu, "Mtabibu wa wanamichezo, Mama. Hulijaza kabla mazoezi hayajaanza."

HESABU YA MEZANI

Hata hivyo, mzazi hupiga hesabu. Katika jimbo letu msichana anaweza kusoma uuguzi katika chuo cha jamii, akatunukiwa cheti cha miaka miwili, akafanya mtihani wa taifa, akapata leseni ya muuguzi aliyesajiliwa. Hii nyingine ilihitaji shahada ya chuo kikuu. Na mshahara je? Takwimu za serikali za mwaka 2023 zinaonyesha kwamba mshahara wa kati wa muuguzi aliyesajiliwa ulikuwa dola 86,070 kwa mwaka, na wa mtabibu wa wanamichezo dola 57,930. Mwaka 2020, binti yangu alipomaliza sekondari, tofauti ya jinsi hiyo ilikuwepo pia. Yaani usome muda mrefu zaidi, ulipwe kidogo zaidi. Nilimweleza hivyo bila kuficha.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mama, wale wazee wako, ungeweza kuwahudumia kama huwapendi?"

Nikamjibu, "Ningeweza, mwanangu. Lakini ningechoka mapema."

"Basi na mimi sitaki kuchoka mapema."

Sikumkataza, wala sikumshangilia. Mimi na baba yake tulimpa sharti moja tu: aanze katika chuo cha jamii, akikaa nyumbani. Akakubali.

Kwa wasiovijua, vyuo vya jamii ni vyuo vya umma vya miaka miwili. Cha kwanza kilianzishwa Joliet, jimbo la Illinois, mwaka 1901, na leo karibu kila eneo lina chuo chake. Ada yake kwa kawaida ni ndogo kuliko ya chuo kikuu, madarasa si makubwa, na mwanafunzi hulala kwao na kula ugali wa mama yake. Mwenye kipato kidogo huweza kupata ruzuku ya serikali kuu iitwayo Pell, ambayo hairudishwi. Baada ya kukusanya krediti 60 hivi, mwanafunzi huhamia chuo kikuu kumalizia shahada ya kwanza, ambayo kwa kawaida ina krediti 120. Krediti ni kipimo cha masomo: somo moja la muhula huwa na krediti tatu au nne.

Kwa hesabu hiyo tuliona ni miaka miwili hapa na miwili kule. Miaka minne, tumemaliza.

KARATASI ILIYOPITWA NA WAKATI

Alianza masomo majira ya kupukutika majani ya mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona. Masomo mengi yalifanyika kwa kompyuta, hapo hapo kwenye meza yetu ya chakula. Mshauri wa masomo wa chuo alimpa karatasi moja yenye orodha: masomo ya miaka miwili ya kuchukua hapa, kisha kuhamia chuo kikuu fulani katika kozi ya utabibu wa wanamichezo, kisha mtihani wa leseni. Binti yangu akaibandika karatasi ile kwenye mlango wa jokofu. Kila somo lilipokwisha, alilikata kwa kalamu nyekundu.

Asubuhi moja ya mwezi Machi 2022 nilirudi kutoka zamu ya usiku nikamkuta mezani, chai yake imepoa mbele yake. Alikuwa ameandika kuomba nafasi ya kuhamia. Jibu lilisema kwamba kozi ile haipokei tena wanafunzi wa shahada ya kwanza.

Sababu yake ni hii. Mwaka 2015 vyombo vinavyoiongoza fani hii hapa Marekani viliamua kwamba anayetaka kuingia katika kazi lazima awe na shahada ya pili. Vyuo vikapewa muda wa kubadilika. Muhula wa majira ya kupukutika majani wa mwaka 2022 ukawekwa kuwa wa mwisho kwa kozi za shahada ya kwanza kuingiza wanafunzi wapya, na vyuo vingi vilikuwa vimefunga mapema kuliko hapo. Kwa hiyo njia ya sasa ni hii: shahada ya kwanza katika somo la karibu, kama sayansi ya mazoezi ya mwili, kisha shahada ya pili ya miaka miwili hivi, ndipo mtihani wa taifa na leseni ya jimbo. Uamuzi huo ulikuwa umetangazwa miaka mitano kabla binti yangu hajapewa ile karatasi. Karatasi haikubadilishwa.

Alilia. Nami nikakaa karibu naye, na koti la kazini bado mwilini. Baada ya muda akafuta macho akasema, "Mama, sasa ni miaka sita. Labda nirudi kwenye uuguzi."

Nikaona huo ndio mlango niliokuwa nikiungoja. Ningeweza kusema neno moja tu, mambo yakaisha. Lakini nilimtazama usoni, nikakumbuka vile alivyokuwa akiyahesabu mazoezi ya goti lake kwa sauti, asubuhi na jioni. Nikamwambia, "Ukitaka uuguzi kwa sababu unaupenda, nitafurahi. Ukiutaka kwa sababu ya karatasi ya mtu, kwanza tukaulize."

KUPOKELEWA NA KUHESABIWA

Wiki iliyofuata tulikwenda pamoja chuo kikuu. Dada wa mapokezi aliniambia kwa adabu kwamba hawezi kuzungumza nami juu ya masomo ya binti yangu. Ipo sheria ya mwaka 1974 inayolinda kumbukumbu za mwanafunzi. Mtoto akishaingia chuo, haki hiyo ni yake na si ya mzazi, hata kama mzazi ndiye anayemlisha. Binti yangu akatia sahihi karatasi ya ruhusa, nami nikakaribishwa kiti. Akina mama, msikasirike mkiambiwa hivyo. Mwombeni mtoto atie sahihi, basi.

Ofisini mle ndimo nilimojifunza jambo ambalo ningependa kila mzazi alijue. Mtoto anapohama, krediti zake hupitia milango miwili. Mlango wa kwanza ni kupokelewa: chuo kikuu kinakubali kwamba masomo hayo yalisomwa. Mlango wa pili ni kuhesabiwa: masomo hayo yanashika nafasi ya masomo yanayotakiwa katika shahada anayoitaka. Vyuo hutangaza kwa sauti kubwa mlango wa kwanza. Mlango wa pili ndio unaokula miaka na fedha.

Binti yangu alikuwa na krediti 64. Zote 64 zilipokelewa. Tukafurahi. Kisha yule mama wa ofisini akageuza kioo cha kompyuta tuone. Krediti 40 zilihesabiwa zote kwa mkupuo, kwa sababu hapa Minnesota kuna utaratibu wa masomo ya msingi yenye krediti 40, na mwanafunzi akiyakamilisha katika chuo kimoja cha umma, vyuo vingine vya umma vya jimbo huyatambua kama yalivyo. Huo ni utaratibu mzuri sana, na majimbo mengine mengi yana wa namna yake. Lakini katika zile 24 zilizobaki, zilizohesabiwa zilikuwa 5 tu. Nyingine zilitupwa katika kisanduku cha masomo ya ziada. Masomo ya kufunga bandeji na ya utangulizi wa kazi, yaliyokuwa kwenye ile karatasi ya jokofuni, hayakuwa na pa kukaa.

Hata lile somo la kemia, ambalo lilikuwa ndani ya zile 40, lilikuwa kemia ya watu wasiosomea sayansi. Lilimsaidia kukamilisha masomo ya msingi, lakini halikutosha kwa shahada ya sayansi. Na fizikia hakuwa ameisoma kabisa, kwa kuwa haikuandikwa. Leo, anayetaka kuingia katika shahada ya pili ya utabibu wa wanamichezo lazima awe amesoma katika ngazi ya chuo biolojia, kemia, fizikia, saikolojia, anatomia na fiziolojia.

Lililoniuma zaidi ni masomo mawili ya mwili wa binadamu, yenye krediti nane. Alikuwa ameyapasi vizuri sana. Lakini kwa sababu ya korona maabara yake ilifanyika kwa kompyuta, na chuo kikuu kilitaka ushahidi kwamba ilikuwa maabara kamili. Hapo ndipo nilipomshukuru Mungu kwa tabia ya mtoto huyu ya kutotupa kitu. Nyumbani, chini ya kitanda chake, kulikuwa na boksi lenye muhtasari wa kila somo, orodha ya vitabu, na ripoti zote za maabara. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Aliandika barua ya rufaa ya ukurasa mmoja, akaambatanisha karatasi zile, akazipeleka kwa mkono. Baada ya wiki tatu krediti nane zikahesabiwa.

Krediti 11 hazikupata pa kuhesabiwa hata baada ya rufaa. Kwa familia yetu hizo si tarakimu tu. Ni muhula mzima wa kuongeza. Tena ile ruzuku ya Pell ina kikomo cha mihula 12 katika maisha ya mwanafunzi, na kwa kawaida haitolewi kwa shahada ya pili. Kila muhula unaotumika kwa somo lisilohesabiwa ni muhula ulioliwa.

Jioni ile tulikaa watatu mezani, tukaandika upya miaka yote, somo kwa somo. Mume wangu alisema kidogo, lakini ndiye aliyechora mistari kwa rula. Binti yangu aliitazama karatasi mpya kwa muda mrefu, kisha akaenda jokofuni akaibandua ile ya zamani. Akasema, "Nitakwenda." Septemba 2022 alihamia chuo kikuu.

USIKU ULE WA MPIRA

Baba yake alikuwa amekubali, lakini moyoni bado alikuwa na lile swali la chupa za maji. Swali hilo lilijibiwa usiku wa tarehe 2 Januari 2023. Binti yetu alikuwa nyumbani kwa likizo, nao wawili walikuwa wakitazama mpira wa Kimarekani kwenye televisheni. Timu ya Buffalo Bills ilikuwa ikicheza mjini Cincinnati. Mchezaji mmoja kijana, Damar Hamlin, aligongwa kifuani, akasimama, kisha akaanguka chali. Moyo wake ulikuwa umesimama.

Watu wengi mnakumbuka. Wachezaji walipiga magoti wakimzunguka, wengine wakilia, na mchezo haukuendelea tena. Katikati yao, mtabibu msaidizi wa timu, Denny Kellington, alikuwa akimbonyeza kifua ili damu iendelee kufika kwenye ubongo. Hamlin alipona, na baadaye mwaka huo huo akarudi kucheza.

Nilitoka jikoni nikawakuta kimya. Mume wangu aliuliza, "Huyo anayembonyeza ni daktari?"

"Ni mtabibu wa wanamichezo, Baba. Ndiyo kazi ninayoisomea."

Hakujibu kitu. Lakini Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nilimsikia akimweleza mzee mwenzake, "Binti yangu anasomea ile kazi ya yule aliyemwokoa mchezaji." Tangu siku hiyo sijasikia tena habari za chupa za maji.

HALI ILIVYO SASA

Alimaliza shahada ya kwanza Desemba 2024, muhula mmoja zaidi ya tulivyopanga siku ile mezani kwa sababu ya kurudia kemia na kusoma fizikia. Juni 2025 alianza shahada ya pili. Masomo haya si ya darasani tu. Mwanafunzi hupelekwa mashuleni, kwenye timu na kliniki, akifanya kazi chini ya msimamizi mwenye leseni. Zaidi ya hayo, lazima apate kipindi kisichopungua wiki nne cha kuwa kazini kwa siku nzima kama mfanyakazi kamili.

Nyumbani sisi ndio wagonjwa wake wa mazoezi. Kifundo cha mguu cha baba yake kimefungwa plasta mara nyingi kuliko cha mchezaji yeyote. Mimi hulazwa kwenye kochi, goti langu linavutwa vile vile kama lake lilivyovutwa uwanjani siku ile. Nilimsimulia jinsi nilivyoteguka mguu nikicheza netiboli shuleni Iringa, nikakandwa kwa maji ya moto jioni ile ile, na mguu ukavimba kama mhogo. Alishika kichwa. "Mama, jeraha bichi halikandwi kwa moto!" Nikamwambia basi aje siku moja awafundishe wenyewe. Akasema atakuja.

Mkopo upo. Haukuepukika kwa shahada ya pili, nami huongeza zamu mbili kila mwezi ili usikue sana. Mtihani wa taifa bado uko mbele yake, na leseni iko nyuma ya mtihani. Rafiki yake mmoja waliyeanza pamoja chuo cha jamii tayari ni muuguzi na amenunua gari. Binti yangu hupanda basi. Simfichi msomaji mambo haya, kwa sababu anayechagua njia ndefu aichague akiwa anaijua urefu wake.

NINAYOWAPA WENZANGU

Mama mwenzangu, kama mtoto wako yuko katika chuo cha jamii naye anakusudia kuhama, iwe kwa fani hii au nyingine, nakupa mambo matano tuliyoyaona kwa vitendo.

Kwanza, mwanzo wa safari uwe mwisho wake. Tazameni masharti ya leseni ya kazi anayoitaka, kisha rudini nyuma: shahada gani, chuo kikuu gani, masomo gani. Masharti ya fani hubadilika. Kwa utabibu wa wanamichezo, hakikisheni kozi ya shahada ya pili ina ithibati ya chombo cha taifa kiitwacho CAATE, maana bila hiyo mtoto hataruhusiwa kufanya mtihani.

Pili, ulizeni chuo kinachopokea, si kile kinachotuma peke yake. Mshauri wa chuo cha jamii anaweza kuwa mtu mwema sana, lakini anayehesabu krediti yuko upande wa pili wa daraja. Mtoto azungumze naye katika muhula wa kwanza, wala asingoje wa mwisho.

Tatu, kila jibu liwe la maandishi. Barua pepe yenye jina na tarehe ina nguvu kuliko maneno matamu ya ofisini.

Nne, msitupe muhtasari wa somo lolote. Boksi la chini ya kitanda lilituokolea krediti nane.

Tano, jibu la kwanza la ofisi si lazima liwe la mwisho. Rufaa ipo. Haihitaji wakili wala ugomvi, inahitaji karatasi na subira.

Na kwa sisi wazazi ambao hatukusoma katika nchi hii, tusidhani hatuna la kuwasaidia watoto. Mimi sikujua fizikia, wala sikujua krediti ni kitu gani. Lakini nilijua kukaa kwenye kiti cha ofisi na kusema, "Tafadhali nieleze tena." Kuuliza si ujinga. Mtoto wa miaka kumi na minane huona haya kuuliza mara ya pili. Mama yake haoni.

Siku mtoto akikutajia mezani jina la kazi usiyoijua, mmiminie chai, umwombe akueleze mwanzo mpaka mwisho: nani anatoa leseni, ni miaka mingapi, na masomo yapi yatahesabiwa. Akishindwa kujibu, mna kazi ya kufanya pamoja. Akijibu yote, basi huenda amekwisha kukua wakati wewe uko zamu.